Kuhesabu pointi za ligi ya karata bila ya pesa

Daftari la ligi ya barza yetu hapa Wete, Pemba, nalishika mimi. Tunacheza wahedu wa sitini, wawili kwa wawili. Hakuna kiingilio wala zawadi. Hata kahawa, anayetaka kununua anunue kwa hiari yake. Aliyefungwa akilazimishwa kulipa, hiyo tayari ni kamari, na wazee watatufukuza barzani, tena kwa haki.

Hatua ya kwanza. Toeni nane, tisa na kumi. Zinazohesabiwa ni hizi: ree (A) 11, seti (saba) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Magarasa, yaani zilizobaki, hayana kitu. Uru, kopa, pao na shupaza, kila moja ina 30, jumla 120. Nusu ni 60, kwa hiyo mshindi ni mwenye 61, na ndiyo maana ya jina lenyewe.

Hatua ya pili, na hapa ndipo ugomvi unapozaliwa: hesabuni mafungu yote mawili, yaani karata ilizobeba kila timu, si la mshindi peke yake. Isipofika 120, pungufu itakwambia karata gani imepotea. Ikipungua 1, rudieni kuhesabu tu, maana hakuna karata ya 1. Usiku mmoja tulipata 60 huku na 57 kule. Pungufu 3: anatafutwa mzungu wa tatu. Tukainua mkeka, hayupo. Kumbe amenata nyuma ya kanzu ya mchezaji mmoja, mzungu wa kopa! Sasa ni wa nani? Akiwa wa hawa wameshinda, akiwa wa wale ni sare. Kelele mpaka dukani. Nikawaambia wahesabu karata, si pointi. Kila mzunguko una karata nne, basi fungu lazima ligawike kwa nne. Fungu la 60 lilikuwa na karata 19. Kwisha.

Hatua ya tatu, daftarini: ushindi 3, sare 1 kila upande, kufungwa 0. Mkifika 91 mnaongezewa 1. Msijumlishe zile pointi za karata msimu mzima. Mkono mmoja wa bahati utawabeba watu wasiojua hata turufu.

Hatua ya nne. Chukueni usiku kumi bora wa kila timu. Mwanzo tulihesabu zote, wakaumia wavuvi wa dagaa, ambao usiku wa giza wako baharini na karabai zao huku sisi tunajilimbikizia. Ila msitumie wastani: atakuja mtu mara moja, ashinde, kisha asionekane tena mpaka mwisho wa msimu, naye ndiye anayeongoza.

Timu zikilingana, angalieni zilipokutana zenyewe. Zikiwa bado sawa, changeni karata, mgawe tena.