Cheti cha Kimberley na pete ya almasi
Ukinunua pete ya almasi hapa Lubumbashi na sonara akakuhakikishia kwamba jiwe lake ni safi kwa kuwa lina cheti cha Kimberley, muulize kwa upole cheti hicho kilitolewa kwa kitu gani. Mpango wa Kimberley, yaani makubaliano ya kimataifa ya kuzuia biashara ya almasi za vita, ulioanza kutekelezwa mwaka 2003, unahusu almasi ghafi pekee, na cheti husafiri na shehena nzima inapovuka mpaka, si na jiwe moja lililokwisha kuchongwa. Tena unalenga almasi zinazogharamia waasi wanaopigana na serikali halali. Ujira duni wa mchimbaji wa Mbuji-Mayi, mji wa machimbo ya almasi, haumo. Omba jina la mgodi liandikwe kwenye ankara. Akikuonyesha kijitabu cha matangazo tu, usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya maadili.