Somo: Kusaka wani (divisheni ya kwanza) ya pointi tatu kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu)

Pointi tatu ni A tatu, na A ya kidato cha sita huanzia alama 80. Maana yake katika kila somo una alama 20 tu za kupoteza. Wengi Mwanza hii hupiga msuli mpaka usiku wa manane bila kujua hizo 20 zinavujia wapi.

Hatua ya 1: Pima pepa kabla ya kusoma

Chukua Advansi (Hisabati ya juu) pepa la kwanza: maswali 10, alama 10 kila moja, yote lazima. Ukiruka linia programingi (kutafuta faida kubwa au gharama ndogo chini ya masharti) au takwimu kwa sababu "inachosha", umeshatupa nusu ya akiba yako ya pepa hilo kabla ya kukosea hata jumlisho moja. Pepa la pili lina sehemu A, maswali manne ya alama 15, na sehemu B unachagua mawili ya alama 20. Hapo angalau kuna pa kuchagua. A za Advansi hupotelea zaidi kwenye topiki zilizoachwa kuliko kwenye maswali magumu, kwa hiyo mpaka mwisho wa Januari usiwe na topiki ya pepa la kwanza ambayo hujaigusa.

Hatua ya 2: Gawa muda kwa alama

Saa tatu ni dakika 180. Tenga 20 za kukagua, zinabaki 160, yaani dakika 1.6 kwa kila alama. Swali la alama 10 lipewe dakika 16, la 15 dakika 24, la 20 dakika 32. Muda ukiisha, acha nafasi na usonge mbele. Fanya hivyo kila Jumamosi saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi, pepa zima, simu iwe imezimwa. Kusolve swali moja moja huku umefungua daftari hakukupi kasi.

Hatua ya 3: Daftari la makosa

Sahihisha siku hiyohiyo, kisha andika kila kosa na sababu yake: sikujua, nilikosea hesabu, au sikusoma swali vizuri. Rudia swali baada ya siku tatu, halafu baada ya siku kumi, bila kuchungulia.

Makosa mawili hujirudia mno. La kwanza ni kalkuleta. Bonyeza sin 30: ikija 0.5 iko kwenye digrii, ikija −0.988 iko kwenye radiani. Integresheni na njia ya Newton-Raphson (ya kukadiria jibu la mlinganyo) zenye sin au cos zinataka radiani. La pili ni linia programingi. Tuseme mchuuzi wa Mwaloni Kirumba ananunua dagaa na kayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi). Usiandike "x ni dagaa", andika "x ni idadi ya magunia ya dagaa". Usisahau x ≥ 0 na y ≥ 0. Na ukishapata (6, 4) hujamaliza: sema magunia sita ya dagaa na manne ya kayabo, na faida yake ni shilingi ngapi.

Hatua ya 4: Praktiko ya Kemia (titresheni: kupima ujazo wa kimiminika kimoja kinachotosha kumaliza kingine)

Suuza bureti kwa maji, kisha kwa kimiminika kitakachoingia humo. Pipeti nayo vivyo hivyo. Flaski suuza kwa maji tu, kwa sababu mabaki ya kimiminika yataongeza moli usizozipima. Toa kiputo cha hewa chini ya bomba la bureti. Kikitoka katikati ya kazi, kitahesabika kama ujazo uliotumika. Ondoa faneli. Soma chini ya mkunjo wa kimiminika, macho yakiwa usawa wake, na uandike 24.60 cm³, siyo 24.6. Jaribio la mwanzo lisiingie kwenye wastani.

Maswali ya wanachama wa kundi

*Igoma:* Shikamoo mwalimu. Nyumbani umeme unakatika na wadogo zangu wana kelele. Nifanyeje?
Marahaba. Kazi ya kusolve ifanye mchana, shuleni baada ya vipindi au maktaba ya mkoa pale mjini. Usiku baki na kazi fupi: fomula, na kupitia daftari la makosa.

*Ukerewe:* Shuleni tuko wanane kwa bureti moja. Tutawezaje?
Jazeni maji tu. Mmoja afungue bomba, wote wanane wasome kimyakimya na kuandika, kisha mlinganishe. Mkipishana zaidi ya 0.05 cm³, rudieni. Kemikali mtakazopewa zitunzwe kwa ajili ya kujifunza kukamata rangi inapobadilika.

*Mzazi, Buswelu:* Mwanangu amepata 65 ya Fizikia kwenye mtihani wa utamilifu. Nimtafutie tyusheni?
Mama, kwanza kaa naye na karatasi yake ya majibu. Zile 35 zilizopotea zigaweni kwa sababu tatu za hatua ya 3. Zikiwa nyingi ni za "sikujua", tafuta mwalimu wa topiki hizo tu. Zikiwa za haraka na vipimo vilivyosahaulika, tyusheni haitamsaidia. Anahitaji pepa nzima za kupimwa muda.

*Nyakato:* GS (General Studies) inaingia kwenye pointi?
Hapana, divisheni huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi. Ipe saa mbili kwa wiki, na uandike insha moja kamili kila mara.