Pima Kabla Hujafundisha

Nafundisha takwimu za awali kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Muhula fulani wanafunzi walinipa alama za juu kwenye dodoso la kumtathmini mwalimu. Matokeo yalipotoka, theluthi ya darasa ina sapu, mtihani wa marudio. Kumbe walipenda ufupi wa madesa yangu, yaani noti za somo. Tangu hapo napima hivi.

Siku ya kwanza, kabla ya kugawa mpango wa kozi, wape maswali 15 yasiyoingia kwenye alama zao. Waambie hivyo wazi, la sivyo wataibia majibu. Usiulize fasili. Swali langu moja: wauzaji watano wa soko la Mwanjelwa wanauza gunia la viazi kwa 60,000, 60,000, 65,000, 70,000 na 145,000. Mgeni akikuuliza bei ya viazi sokoni, utamwambia ngapi? Wengi hujumlisha, wakagawa kwa tano, wakaandika 80,000, bei ambayo hakuna muuzaji hata mmoja anayeitaja. Kanuni wanayo, soko hawalioni. Anayejibu 65,000, bei ya katikati, mwongezee "kwa nini?", umkamate aliyebahatisha.

Karatasi usizirudishe, wala usisahihishe ubaoni. Mwisho wa muhula rudia maswali yaleyale, kisha tumia kanuni ya Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani: kwa asilimia, alama za mwisho toa za mwanzo, ugawe kwa 100 toa za mwanzo. Darasa lililotoka 20 likafika 60 limepata 0.5, yaani nusu ya kilichokuwa kimebaki. Lililotoka 70 likafika 80 limepata 0.33, ingawa mwalimu wake ndiye atakayepongezwa. Piga kwa wastani wa darasa; mtu mmojammoja huyumba mno. Mwaka 1998 Hake alichapisha hesabu za wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia: madarasa ya mhadhara mtupu yalipata wastani wa 0.23, ya kujadiliana 0.48. Mimi mara ya kwanza nilipata 0.19, na sikumwambia mtu.

Katikati ya muhula, kila Ijumaa, dakika tatu za mwisho wanaandika kwenye robo karatasi, bila jina, kipi hakijakaa sawa. Napanga mafungu mezani. Fungu nene ndilo somo la Jumatatu.

Dodoso la chuo bado nalisoma, ila naanzia kwenye maoni, namba baadaye. Mmoja aliandika kwamba mvua ikipiga bati, wa nyuma hawasikii kitu. Sasa ikianza kunyesha nahamia katikati ya darasa.