Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Hija Namugongo

Kila mwaka Mei inapoelekea kwisha, mahujaji wa Mombasa huulizana nauli ya basi na rangi ya sare, ilhali yale yatakayowatesa huko hayaulizwi. Anayekusudia kuwapo kwenye Basilika ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni na ajitayarishe kwa umati kwanza, mengine baadaye.

Hati zishughulikiwe mapema. Mkenya huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto asiye nacho anahitaji hati yake ya kusafiria. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, kwa kuwa kadi haihesabiwi kabla ya muda huo kupita, na kadi yenyewe ikae mkononi, isizikwe kwenye begi lililo butini. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea miguu.

Sisi watu wa Pwani huidharau baridi. Namugongo iko kandokando ya Kampala, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wengi hulala nje usiku wa mkesha ili wapate nafasi. Leso mbili zinazokutosha Likoni hazitakutosha pale. Beba blanketi, sweta, na nailoni ya kutandika, maana nyasi hulowa hata mvua isiponyesha.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali pa kukutana mkipoteana. Mwaka niliompeleka mama mkubwa, tulipatana tu kwamba tutakutana getini. Basilika ile imejengwa kwa umbo la msonge, na paa lake limeshikwa na mihimili 22 ya shaba kwa ukumbusho wa mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, nami niliamini kwamba aliyeliona paa hilo hawezi kupotea. Misa ilipokwisha, umati ulitusukuma huku na huku. Mimi nikasimama kwenye geti moja, yeye akatokea jingine. Simu yake ilikuwa na laini ya Kenya ambayo haikuwa imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Alipochoka kusubiri alipanda bodaboda, akamwambia kijana ampeleke Namugongo, kwa mashahidi.

Kijana hakukosea. Mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, ni 45, na 23 kati yao ni Waanglikana, ambao nao wana mahali pao patakatifu papo hapo Namugongo na huadhimisha siku hiyo hiyo. Huko ndiko alikoshushwa. Nambari pekee aliyoikumbuka kichwani ilikuwa ya binti yake wa Changamwe, kwa hivyo mama mmoja muuza mahindi alipomwazima simu, habari ilitoka Namugongo ikaenda hadi Mombasa ndipo ikanirudia mimi niliyekuwa Namugongo hiyo hiyo. Nilimkuta baada ya magharibi, ameketi chini ya ukuta, leso kichwani, kidumu cha maji aliyoyateka kwenye ziwa la basilika amekibana katikati ya miguu. Hakulia aliponiona. Aliuliza tu kama basi limeondoka.

Basi kila mzee apewe kadi ngumu ya kushonewa ndani ya nguo, yenye neno KATOLIKI kwa herufi kubwa, nambari ya basi, na nambari mbili za simu, mojawapo ya Uganda. Chagueni kitu kimoja kisichohamishika, wala kisiwe geti wala hema, kisha mkitembelee wote pamoja tarehe 2, umati ungali mchache. Aliyepotea aende hapo na akae hapo, wala asipande bodaboda peke yake hata akiambiwa ni karibu.

Pesa zigawanywe mifuko miwili. Dawa za presha na sukari zikae mwilini mwa mgonjwa, si kwenye basi. Maji ya ziwani ni ya kubeba, ya kunywa yawe ya chupa. Watoto waandikwe nambari ya simu mkononi kwa wino usiofutika. Na kila basi linaposimama, hata kwa haja ndogo usiku wa manane, kiongozi ahesabu watu mmoja mmoja kwa majina kabla ya dereva kung'oa gari.