Kompaundi ipi inang'arisha modeli ya plastiki bila kuimaliza rangi?

Kila wiki naulizwa: mkuu, kompaundi ipi nzuri? Nami huuliza: mkwaruzo wako una kina gani? Kompaundi ni chembe za kusugulia zilizochanganywa kwenye uji. Chembe kubwa hukata haraka na kuacha mikwaruzo yake. Ndogo hung'arisha ila hazikati. Kazi yote ni kubadilisha mkwaruzo mkubwa kwa mdogo, mpaka jicho lishindwe kuuona.

Leo nina modeli ya kichwa cha Scania kutoka kampuni ya Italeri, skeli 1/24 (ndogo mara 24 kuliko lori halisi), rangi nyekundu na klia juu, yaani tabaka angavu lisilo na rangi.

Hatua ya 1: subiri. Hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba baridi inachelewesha kila kitu. Julai moja nilipiga rangi ya enameli nikiwa Uyole. Siku ya nne kidole hakikunata, nikaanza kusugua. Rangi ikajikunja kama utandu wa maziwa, na alama ya dole gumba langu iko juu ya paa mpaka leo. Siku hizi napiga rangi ileile kwenye kijiko cha plastiki, siku ileile. Kijiko kikinuka rangi, au ukucha ukizama, modeli siigusi. Rangi ya laka huwahi kukauka. Enameli kwa baridi yetu ipe wiki tatu au zaidi.

Hatua ya 2: soma uso. Tazama balbu inavyojiakisi kwenye rangi. Ikionekana safi ila ina ukungu, msasa hauhitajiki. Kingo za mwanga zikivunjikavunjika, una ganda la chungwa, na kompaundi peke yake haitakusaidia: itang'arisha vilima na mabonde yote. Hapo tumia msasa wa maji, namba 2000, 2500 kisha 3000 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), na tone la sabuni ya vyombo. Kwenye skeli hii kinundu cha milimita 0.1 ni sawa na milimita 2.4 kwenye lori halisi. Lori gani umeliona Tunduma lina vinundu hivyo?

Hatua ya 3: chagua. Kampuni ya Tamiya wana kompaundi tatu, kuanzia kali hadi laini: Coarse, Fine na Finish. Ukiishia msasa 2000, anza na Coarse. Ukifika 3000, Fine huwa inatosha kuanzia. Ukungu tu, Finish. Kampuni ya Novus wanahesabu kinyume na msasa: namba 3 ndiyo kali, 1 ni ya kusafisha na kung'arisha. Watu wengi hujikwaa hapo.

Ukienda kwenye maduka ya rangi Mwanjelwa utapewa kompaundi ya magari. Siikatai, ila nyingi zimekusudiwa klia nene na mashine. Baadhi zina silikoni au nta, na rangi utakayopuliza baadaye itakimbia na kuacha vitundu. Weka tone katikati ya vidole: ukihisi mchanga, rudisha kopo. Lisipokwaruza, sugua kwanza kasha la CD.

Hatua ya 4: sugua. Fulana kuukuu ya pamba, tone kama punje ya mchele, mkono mwepesi. Pumzika mara kwa mara, maana joto la msuguano hulainisha rangi. Kingo na kona zifunike kwa masking tepu, kwani hapo rangi ni nyembamba kuliko popote. Kila kompaundi iwe na kitambaa chake. Kitambaa kikianza kuwa chekundu, klia imeisha. Acha hapohapo.

Maswali

*Iringa: Kamwene mkuu. Yangu ni ya fedha yenye chembe za metali, sijapiga klia. Nisugue?*
Kamwene. Hapana. Utazichana chembe, rangi itoke mabakamabaka. Piga klia, subiri, ndipo usugue hiyo klia.

*Makambako: Kompaundi imeganda nyeupe kwenye mistari ya milango.*
Mswaki laini, maji vuguvugu, sabuni. Ikigoma, ichokoe taratibu kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa. Kutia wino wa mistari kuwe baada ya kung'arisha.

*Mbeya: Shikamoo kaka. Dawa ya meno je? Na dekali (zile picha na maandishi ya kubandika) zinakaa wapi?*
Marahaba dada. Dawa ya meno ina chembe, ila hujui ukubwa wake. Mimi naiachia mikwaruzo ya vioo vya modeli za mazoezi. Dekali weka kabla ya klia, kisha klia tabaka mbili tatu nyembamba. Dekali iliyo wazi itang'oka ukiisugua.

*Tukuyu: Jeep yangu ya jeshi haing'ai kabisa.*
Si ndiyo inavyotakiwa? Iache.

*Vwawa: Nimetoboa kona ya boneti, plastiki nyeupe inachungulia.*
Pole, hata mimi kona ya kushoto ya Scania imenitoka jana. Osha mafuta yote, gusa kwa ncha ya brashi na rangi iliyobaki kwenye chupa, iache ikauke, kisha klia hapo tu. Kijiko cha majaribio usikitupe, utakihitaji tena.