Kababu za machicha ya nazi kwa anayepunguza wanga

Nilipoanza kupunguza wanga, ugali wa mchana haukunisumbua. Nilikula samaki, bamia na mchicha wa nazi, nikashiba. Kilichonishinda ni saa kumi jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Saa hiyo wateja wamepungua, chai iko kwenye chupa, na mama wa maandazi anapita mlangoni na ndoo yake, maandazi bado ya moto. Wiki 3 za mwanzo zote niliziharibia hapo.

Dawa niliyoipata ni hii: kitafunwa kiwe kimeshapikwa kabla njaa haijafika. Napika Jumapili, na ninachokitegemea zaidi ni kababu.

Ukishakamua tui, machicha usiwamwagie kuku. Sehemu kubwa ya kinachobaki mle ni nyuzinyuzi, ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari, na kwenye kababu yanashika nafasi ya mkate. Yaweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ugeuze bila kuondoka jikoni mpaka yanukie na yasigande tena vidoleni. Kisha yatwange au yasage yawe laini.

Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, vijiko 4 vya chakula vya machicha hayo, yai 1, thomu na tangawizi, bizari nyembamba, pilipili mbuzi, kotimiri na chumvi. Kitunguu kikubwa 1 kikate vidogo, kitie chumvi kidogo, halafu kikamue kwa mkono mpaka maji yaishe. Usiruke hatua hii, maana maji ya kitunguu ndiyo yanayofanya kababu imeguke kwenye mafuta. Limao pia liache, utakamulia wakati wa kula.

Changanya, weka kwenye friji saa 1 ili machicha yanywe unyevu. Finyanga moja ya kujaribia. Ikipasuka pembeni, ongeza kijiko cha maji. Ikinata kiganjani, ongeza machicha. Kaanga kwa moto wa wastani, na usiigeuze mpaka uone ukingo wa chini umekuwa kahawia. Mimi hupata kababu 16 hivi. Nyingine nazigandisha mbichi. Zilizoiva zisizidi siku 3 kwenye friji.

Siku ambazo sina nyama nakaanga dagaa wakavu, nikawatia pilipili na limao. Dagaa hawana wanga. Mayai ya kuchemsha nayo huniokoa mara nyingi.

Kwenye korosho, nakuomba uwe mwangalifu. Niliambiwa njugu zote ni salama, nikanunua robo kilo ya korosho, nikaimaliza nikiwa napinda mapindo ya gauni. Gramu 100 za korosho zina wanga karibu gramu 30, kwa hiyo robo kilo ile ilinipa wanga unaokaribia ule wa gramu 100 za unga wa sembe. Karanga zina karibu nusu ya wanga wa korosho. Sasa napima kwa kikombe cha kahawa, kimoja tu, na mfuko unarudi kabatini kabla sijakaa.

Wiki ya kwanza mizani itashuka haraka. Sehemu kubwa ni maji: mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika maji karibu gramu 3. Wiki ya pili ikisimama, usikate tamaa. Maji yakitoka huondoka na chumvi, ndiyo maana kichwa huuma. Mimi nilikunywa supu ya mifupa yenye chumvi, kikatulia. Mwenye presha amuulize daktari kwanza.

Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usianze peke yako. Ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mama mdogo wangu anachoma insulini na alitaka tuanze pamoja siku ileile. Nilimkatalia mpaka akaonana na daktari, akapunguziwa dozi, ndipo nikampelekea kababu zake. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasianze bila kuzungumza na mhudumu wao wa kliniki.