Kukagua Pikipiki Iliyotumika Kabla ya Kuinunua Dodoma

Wanunuzi wengi wa pikipiki zilizotumika hapa Dodoma huinama kwanza kusoma kilomita kwenye dashibodi, na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Waya wa spidi mita hukatika, wenye pikipiki wengi hawahangaiki kuurudisha, na chombo kilichobeba abiria kati ya Nkuhungu na Sabasaba kwa miaka mitatu kinaweza kuonyesha kilomita 9,000 bila haya. Vumbi lina ushahidi bora zaidi. Mkoa huu hukaa bila mvua ya maana tangu Mei hadi Novemba, barabara nyingi za mitaani na za vijijini ni za udongo na mchanga, na injini ndogo ya cc 100, 125 au 150 inayopita huko kila siku huacha alama ambazo sabuni na kitambaa haviwezi kuzifuta. Kazi ya mnunuzi ni kujua alama hizo zinakaa wapi.

Panga kuiona pikipiki saa moja asubuhi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Nasema hivi kwa sababu pikipiki yangu ya kwanza niliinunua saa tisa alasiri. Niliikuta imeegeshwa kivulini, imefutwa vizuri, na nilipoigusa injini ilikuwa ya moto. "Nimeipasha kidogo, kaka, isikusumbue," muuzaji akaniambia, nami nikamshukuru kwa wema huo. Asubuhi iliyofuata, katika baridi ya Julai, nilipiga kiki mpaka nikavua koti, na ilipokubali kuwaka ukuta wa jirani ulimezwa na moshi. Injini iliyochoka huwaka kirahisi ikiwa na joto, kwa hiyo peleka kiganja karibu na silinda wakati bado mnasalimiana. Ukihisi joto, kaa usubiri ipoe, au rudi siku nyingine.

Jihadhari pia na injini inayong'aa. Kwa hali ya hewa yetu, injini isiyo na vumbi ni injini iliyooshwa asubuhi hiyohiyo, na mara nyingi kilichooshwa ni ushahidi. Oili inapovuja, hata kidogo sana, vumbi hunasa pale na kuwa uji mweusi mzito, hasa kwenye maungio ya silinda na pale unapotokea mhimili wa gia. Pikipiki yenye vumbi kavu la kawaida mwili mzima inanipa imani zaidi kuliko iliyopakwa mafuta ya kung'arisha. Ikiwa imeshaoshwa, iendeshe kwanza, kisha pitisha karatasi laini kwenye maungio hayo na uitazame.

Sasa fika kwenye chujio la hewa, ambalo wanunuzi wengi hawaligusi kabisa. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha ubavuni na kulitoa. Chujio chafu peke yake si kosa kubwa, kwa kuwa hapa linachafuka haraka na linasafishika au linabadilishwa kwa fedha kidogo. Tatizo liko upande wa pili: ingiza kidole kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, uufute kwa ndani, kisha kitazame kidole chako. Kikitoka na vumbi, maana yake chujio limepasuka, halikukaa vizuri, au liliwahi kuondolewa na mtu aliyeamini kwamba pikipiki isiyo na chujio ina nguvu zaidi. Mchanga uliopita hapo umeshaingia ndani ya silinda, umechanganyika na oili, na umefanya kazi ya msasa kwenye pistoni, ringi na ukuta wa silinda. Hakuna marekebisho ya kabureta yatakayotibu ugonjwa huo. Dawa yake ni kufungua injini, na gharama hiyo lazima ionekane kwenye bei au uachane na chombo hicho.

Ukishatoa chujio, pima mgandamizo wa injini kwa mkono. Weka pikipiki kwenye gia huru, ufunguo ukiwa umezimwa, na ubonyeze kiki taratibu kwa kiganja. Mahali fulani inapaswa kukukatalia kabisa, kama mlango unaosukumwa na mtu kwa ndani. Ikishuka kwa ulaini mwanzo hadi mwisho, ringi au valvu zimechoka. Fungua pia kifuniko cha oili: oili nyeusi ni ya kawaida kwa injini inayofanya kazi, lakini yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, na nzito kupita kiasi huenda iliwekwa jana ili kuziba kelele. Plagi nayo husema mengi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema, yenye masizi makavu inaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na iliyolowa oili inathibitisha kile ambacho kiki ilikwambia.

Baada ya hapo iwashe mwenyewe. Mvuke mweupe wa dakika za kwanza asubuhi ya baridi usikutishe. Moshi mweusi unahusu kabureta au chujio lililoziba, na kwa kawaida hurekebishika. Moshi wa bluu ndio wa kuuogopa, na namna unavyotoka hutofautisha ugonjwa: ukizidi kila unapovuta mafuta na usikatike, lawama inaelekea kwenye ringi, lakini ukitoka kwa mkupuo pale unapovuta mafuta baada ya kuteremka kilima ukiwa umeyaachia, yawezekana ni sili za valvu, ambazo ni nafuu zaidi. Sikiliza vilevile. Mlio mwepesi wa tik tik juu ya injini unaweza kumalizwa na fundi kwa kurekebisha nafasi ya valvu, ila mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaoongezeka mwendo unapoongezeka, ni wa injini inayoelekea kunoki.

Pikipiki nyingi zinazouzwa mjini zimefanya kazi ya bodaboda, na bodaboda ya huku hubeba kila kitu: magunia ya mkaa, mabati, kreti za soda, wakati mwingine abiria wawili na mbuzi. Uzito huo huiumiza fremu. Inua siti na uchunguze mahali shokapu za nyuma zinaposhikwa, uone kama kuna mistari ya kulehemu isiyo ya kiwandani au rangi mpya iliyopakwa sehemu ndogo tu. Kisha mwombe mtu aiendeshe polepole kwenda mbele nawe utazame kutoka nyuma. Magurudumu mawili yanapaswa kufuatana kwenye mstari mmoja. Weka stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma na ulitikise kushoto na kulia ili kusikia bushi na beringi. Mbele, inua gurudumu kutoka ardhini na uzungushe usukani taratibu, na kama unanasa katikati, gololi za shingoni zimekwisha. Cheni ivute kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikiachia hadi ukaona zaidi ya nusu ya jino, au meno yamepinda kama ndoano, hesabu seti mpya. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi, maana iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Matairi, taa, honi na indiketa huhitaji dakika mbili tu.

Iendeshe walau nusu saa, na utafute mwinuko. Ukiwa gia ya juu, vuta mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gia inayojitoa yenyewe ina kasoro ndani ya gia boksi, na huko hakufikiki bila kupasua injini. Ukirudi, izime na uiwashe tena papo hapo, kwa sababu zipo zinazokubali kuwaka zikiwa za baridi na kugoma zikipata joto.

Kuhusu nyaraka, mtego mkubwa ni pikipiki ya mkataba. Dereva aliyekabidhiwa chombo ili alipe kidogo kidogo si mmiliki mpaka amalize, na wapo wanaouza kabla ya kumaliza, kwa maelezo kwamba kadi ya usajili iko nyumbani Singida au kwa kaka yake. Bila kadi halisi mkononi usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Ukiipata, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pamoja na namba ya injini, na zile zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Tumia brashi kuondoa vumbi na uangalie kama chuma kimesuguliwa. Herufi za namba ya usajili husogea kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo pikipiki inayodaiwa kuwa ya mwaka jana haiwezi kuwa na herufi za zamani kuliko ile ya jirani yako iliyosajiliwa miaka mitano iliyopita. Angalia pia deni la faini za barabarani, kwa kuwa huandikwa kwenye namba ya chombo na litakusubiri wewe.

Malipo yafanyike mbele ya mashahidi na hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na wakili, ikiwa na picha na namba za vitambulisho vya pande zote mbili, na siku hiyohiyo anzisheni pamoja taratibu za TRA za kuhamisha umiliki. Muuzaji akisema yeye hana muda wa kwenda huko, mwache abaki na pikipiki yake.